Sanduku la Chini ya Sinki

Habari tunayoiandika wiki hii si ya manukato wala ya mapambo ya harusi. Ni habari ya mafuta yaliyooza, na ya sanduku moja la chuma lililokaa chini ya sinki la jiko letu kwa miaka miwili na zaidi bila ya yeyote kati yetu kulifunua. Tumesita kuiandika, maana ndani yake sisi ndio wakosa. Lakini kila tulipoisimulia penye maulidi au hitima, alitokea mtu wa kutuvuta pembeni na kutuuliza kwa sauti ya chini kifuniko chake hufunguliwaje. Ndipo tukaona kwamba aibu hii si yetu peke yetu.

Sisi ni wanawake wanne wa jiko moja, katika nyumba ya ghorofa Mji wa Kale, Mombasa: mama mkwe, sisi wawili tulioolewa na wanawe, na wifi yetu kitinda mimba ambaye angali chuoni. Jiko ni la nyumbani, lakini kazi yake si ya nyumbani tu. Mama mkwe alianza kuuza viazi vya karai na bajia tangu waume zetu wakiwa watoto wa chuoni kwa maalim. Nasi tulipoingia tukaongeza sambusa, mahamri, na masinia ya pilau na biriani kwa wenye shughuli. Ukifika mwezi wa Ramadhani, karai letu haliteremki motoni kuanzia alasiri hadi karibu na adhana ya magharibi. Ada za shule zimetoka humo, na dawa za mama mkwe zatoka humo.

Jiko lilipotengenezwa upya, fundi alituwekea sanduku hilo. Urefu wake ni futi moja na nusu, upana futi moja, na kina futi moja. Akatuambia kwamba ni mtego wa mafuta, kwamba hukaa kati ya sinki na bomba la ukutani, na kwamba lazima uwe unafunguliwa na kusafishwa. Tulimjibu inshallah. Kisha tukashona pazia la kitambaa chenye maua, tukalitundika mbele ya sanduku ili lisionekane, na neno la fundi likabaki nyuma ya pazia. Wake wakubwa wa nyumba walidhani kazi hiyo ni ya wifi. Wifi alidhani ni ya fundi, kwamba atarudi mwenyewe kama mtu wa mita. Waume zetu, ukweli usemwe, hawakujua kama kuna sanduku.

Chini yetu anakaa jirani mmoja, bibi mjane aliyempita mama mkwe kwa miaka michache. Wamejuana tangu ujana, wamelea pamoja na wamezika pamoja. Kati ya nyumba hizi mbili kulikuwa na safari ya sahani isiyokatika: sisi tukituma vitumbua, yeye hairudishi sahani tupu, yeye akituma mkate wa sinia, sisi haturudishi sahani tupu. Sahani yake ilikuwa ya udongo mweupe, yenye ua la buluu katikati. Siku mambo yalipoharibika ilikuwa kwetu, imeoshwa, imepangwa rafuni, inangoja kutiwa kitu.

Yalianza siku chache baada ya Idi ya kuchinja. Jirani alipanda ngazi, jambo ambalo kwa magoti yake si dogo, akatuambia kwamba maji machafu yanafoka katika tundu la sakafu ya bafu lake. Yana mafuta juu, alisema, na punje za wali. Mmoja wetu alimjibu, kwa adabu ya maneno lakini si ya moyo, kwamba huenda ni maji ya mchele anayoyamwaga yeye mwenyewe, maana sinki letu sisi linateremsha maji vizuri. Alitutazama mmoja mmoja. Hakusema neno la pili. Akashika ukuta akateremka.

Na kweli, siku ile sinki letu lilikuwa linateremsha maji vizuri. Hapa ndipo penye siri ambayo tuliielewa baadaye, na tunaomba mtuvumilie tuieleze, kwa sababu ndiyo kiini cha ugomvi wote.

Mafuta na maji havichanganyiki, na mafuta ni mepesi. Yakipewa nafasi ya kutulia hupanda juu. Kazi ya sanduku ni kuyapa nafasi hiyo. Maji ya sinki huingia kwa kasi upande mmoja, yakagonga kibati kilichosimama wima, yakapungua mbio. Yanapojikokota kuelekea upande wa pili hupoa. Mafuta hupanda na kuganda juu kama utando wa maziwa, na makombo, yaani wali, vipande vya vitunguu na unga wa bajia, huzama chini. Mdomo wa bomba la kutokea haukai juu wala chini kabisa. Umeshushwa hadi kwenye maji ya katikati, ambayo ndiyo masafi kidogo, na ni hayo tu yanayoruhusiwa kuondoka. Ni kifaa kisicho na mota wala umeme. Lakini kina ukomo wake: kadiri tabaka la juu linavyonenepa na matope ya chini yanavyoinuka, maji ya katikati hubaki na njia nyembamba, yakapita kwa kasi, yakayakokota mafuta pamoja nayo. Mafundi wana kipimo chao: mafuta ya juu na matope ya chini yakijumlishwa yakafika robo ya kina cha maji, sanduku lisafishwe. Letu lilikuwa limepita robo zamani, pengine kabla ya Ramadhani ya kwanza kwisha. Tangu hapo halikuwa mtego tena, lilikuwa njia tu.

Basi mafuta yetu yalikuwa yakiteremka bomba la ukutani yangali vuguvugu, yakifika chini kwenye kona ya kuelekea chemba ya kichochoroni, na huko yakiganda. Shahamu ya ng'ombe huganda hata katika joto letu la pwani. Samli nayo haikawii. Na wakati ule kusi lilikuwa limeshika, ile miezi ambayo hata chupa ya mafuta ya nazi asubuhi huikuta nyeupe kwa ndani, kwa kuwa mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Tena kuna jambo la maji yetu ya kisima. Kila mwanamke wa Mji wa Kale anajua jinsi sabuni inavyokataa kutoa povu katika maji ya chumvi, na jinsi birika linavyofanya ukoko mweupe. Chokaa ile ile, ikikutana na mafuta yaliyochacha katika bomba, hufanya kitu kigumu kama sabuni iliyokauka, kisichosogezwa na maji. Mwaka 2017 huko London, chini ya mtaa wa Whitechapel, walikuta bonge la namna hiyo lenye urefu wa mita 250 na uzito uliokisiwa kuwa tani 130. Kipande chake kiliwekwa hata katika makumbusho ya mji. Wifi alipotusomea habari hiyo mama mkwe aliuliza kama waliokiweka walitaja pia jina la mpishi.

Bomba lilipobanwa chini, maji yetu ya juu yalitafuta pa kutokea, na maji hutokea penye tundu la chini kuliko yote. Tundu hilo lilikuwa katika bafu la jirani. Ndiyo maana sisi hatukuona kitu. Uchafu wetu ulikuwa unapanda kwake.

Wiki ya pili sinki letu nalo likaanza kusitasita. Matope yalikuwa yameziba mdomo wa kuingilia. Tukafanya yale ambayo, bila shaka, wengi wenu mmewahi kuyafanya. Kwanza tulimwaga birika tatu za maji ya moto na sabuni nyingi ya maji. Likafunguka! Tukafurahi. Siku ya tatu likaziba tena. Tukaita kijana mmoja wa mtaani, akachokoa kwa waya, akachukua pesa zake akaenda. Hata pazia hakulifunua, nasi hatukumwonyesha lililo nyuma yake. Kisha mmoja wetu akanunua kostiki soda dukani, akaimimina ndani kwa mkono wa haraka. Ilichemka, ikatoa mvuke, ikarusha tone likamwangukia wifi kifundoni mwa mkono. Alhamdulillahi tulimweka chini ya mfereji kwa muda mrefu, na leo amebaki na alama ndogo tu.

Tungejua ingetuokoa. Maji ya moto na sabuni hayaondoi mafuta. Huyayeyusha na kuyasafirisha, na mbele huko yakipoa huganda upya, mahali ambapo mkono haufiki. Kostiki nayo, mkumbuke sabuni ya mche hupikwaje: ni mafuta na kostiki. Tulikuwa tunapika sabuni ndani ya bomba la nyumba nzima. Kila mara sinki letu lilipofunguka, bafu la chini lilifoka. Usiku wa ile kostiki tulisikia chini ndoo zikisogezwa na fagio likikwangua sakafu hadi saa sita, nasi tulilala.

Aliyeijua haki ya jambo ni binti anayetusaidia kazi, mtoto wa watu kutoka upande wa Kaloleni. Alikuwa akitoka dukani akamkuta mpwa wa jirani mlangoni, naye akamwambia kwamba shangazi yake haoshi wala hatawadhi kwake. Kwa siku tisa sasa kila adhana huongozwa hadi nyumba ya pili kwenda kuchukua udhu, asubuhi kwa tochi. Binti alitueleza hayo akiwa amesimama na kikapu mkononi, bila ya kutuhukumu. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele. Aliweka ungo chini. Akauliza, "Siku ngapi?" Binti akasema, "Tisa, Bi."

Mama mkwe hakusema tena mpaka baada ya sala ya isha. Kisha akatwambia kwamba kesho hakuna kupika, wenye oda waambiwe, na sanduku litafunguliwa.

Asubuhi, baada ya alfajiri, tulikusanyika jikoni. Mmoja wetu, tunasema hivi kwa kuwa yeyote kati yetu angeweza kulisema, alimgeukia binti akamwambia alete ndoo na aanze. Mama mkwe akamzuia kwa mkono. "Mwanangu, wewe keti," akamwambia. Kisha akatugeukia sisi. "Mafuta haya si yake. Mwezi wa futari hayakumjaza mfuko yeye, yalitujaza sisi. Nipeni kibao nikae." Akavuta kibao cha mbuzi, akaketi mbele ya pazia, akalitungua kwa mkono wake.

Kulifungua asubuhi kabla ya mfereji kutumiwa kuna faida: usiku kucha mafuta yamepoa yakashikamana, na hutoka kwa vipande badala ya kuteleza. Tulifunga mfereji, tukazima jiko, tukafungua madirisha yote mawili na mlango wa roshani. Tulivaa glavu ndefu na madira makuukuu, tukajifunga leso puani. Tukatandika magunia na magazeti sakafuni. Tukaweka ndoo tatu: ya mafuta, ya maji, na ya matope. Kisha tukafungua vibano vinne vya kifuniko. Vitatu viliachia, cha nne kilikuwa kimeshikwa na kutu tukakigongagonga kwa mpini wa mwiko.

Harufu ilitupiga kabla ya kifuniko kuinuka inchi moja. Ni ile ya mayai mabovu, maana uchafu unaooza pasipo hewa hutoa gesi yenye salfa. Mmoja wetu alikimbilia roshani akatapika, na hatumcheki. Ni wajibu wetu kuonya hapa: sanduku dogo la jikoni, madirisha yakiwa wazi, litakutia kichefuchefu tu, lakini shimo kubwa la maji taka si la kuinamia wala kuingia, maana gesi hiyo hiyo imewaua watu wazima wenye nguvu. Hilo waachieni wenye vifaa vyake.

Ndani hatukuona maji. Tuliona uwanja wa kijivu chenye manjano, umepasuka juu kama udongo wa kiangazi. Mama mkwe aliomba kijiti, tukampa mwiko mrefu wa ubwabwa. Aliuchomeka taratibu hadi chini akautoa, ukiwa umejiandika wenyewe: mafuta inchi tano, maji inchi moja na kidogo, matope inchi tatu na nusu. Katika inchi kumi za kina, kipimo cha robo ni inchi mbili na nusu. Sisi tulikuwa na nane na nusu.

Tuliyatoa mafuta kwa kata ya kifuu, ambayo kwa kazi hii imeshinda upawa wa bati kwa sababu ukingo wake hukata bila ya kukwaruza chuma. Yalitoka mabongemabonge, ndoo ya kwanza ikajaa, tukaleta nyingine. Kisha maji, nayo tukayateka ndooni badala ya kuyaachia bomba. Kisha matope, na hapo ndipo miaka yetu miwili ilipojitokeza: maganda ya iliki, vijiti vya mdalasini, karafuu, kokwa za ukwaju, mifupa midogo ya kuku, punje za wali zilizogeuka ute, kijiko cha chai ambacho wifi alishutumiwa kukipoteza, na kipande cha sumu ya panya kingali katika karatasi yake. Hicho cha mwisho hadi leo hakuna aliyekiri. Binti alikataa kuketi muda wote. Alikuwa akipokea ndoo mlangoni, nasi tulikuwa tumechoka mno kumkataza.

Vile vibati vya kati huchomoka. Kabla ya kuvichomoa wifi alivipiga picha kwa simu, ili tujue kila kimoja kinarudi wapi na kinatazama upande gani. Mkifanya jambo moja tu katika haya tunayoyaandika, fanyeni hilo. Kibati kikirudi kinyume sanduku haliwi na kazi. Tulivikwangua kwa kijiti bapa na kumbi la nazi, tukakwangua kuta na pembe, tukapitisha mkono ndani ya mdomo wa kutokea na kuvuta ute uliokuwa umening'inia humo kama utambi. Hatukutumia sabuni wala maji ya moto, kwa sababu ile tuliyokwisha kuitaja. Tuliufuta mpira wa kifuniko, tukauona umepasuka upande mmoja, tukatuma kununuliwa mwingine.

Kisha tulirudisha vibati, tukalijaza sanduku maji safi ya baridi hadi kiwango cha mdomo. Hili hatukulijua, tuliambiwa na fundi yule wa kwanza tuliyempigia simu kwa haya: sanduku tupu halinasi kitu, mafuta ya mwanzo hupita moja kwa moja. Tukafunga vibano, tukafungulia mfereji, tukapitisha karatasi kavu pembezoni mwa kifuniko kuona kama inalowa. Haikulowa.

Mafuta na matope tuliyachanganya na vumbi la mbao kutoka kwa seremala mpaka yakawa makavu ya kuchukulika, tukayafunga katika magunia ya mchele, yakachukuliwa na gari la taka. Mtu mmoja wa nyumbani alishauri yamwagwe baharini usiku. Tulimtazama tu.

Ilitubidi pia tumuulize maalim wa madrasa kuhusu nguo zetu. Alitueleza kwamba chakula kilichooza ni uchafu lakini kuoza peke yake hakukifanyi kuwa najisi. Ila sinki hilo huoshewa nyama yenye damu, basi tuvue, tuoge, na nguo zitoharishwe kabla ya kusalia. Tulisali adhuhuri tukiwa na nguo nyingine, na bado kila mmoja alikuwa akinusa viganja vyake kwa siri.

Kusafisha sanduku hakukufungua bomba la chini. Hilo tulilijua. Alasiri alikuja fundi wa mabomba na msaidizi wake, wakafungua chemba ya kichochoroni, wakaingiza vyuma vyao vinavyoungana, na baada ya muda wa saa nzima wakatoa vigogo vyeupe vya mafuta vyenye umbo la bomba lenyewe, vinene kama mkono wa mtoto. Walivipanga kichochoroni kama mihogo. Watu waliokuwa wakienda msikitini walipita wakikunja kanzu zao. Hakuna mlango wa kujificha katika kichochoro cha Mji wa Kale, nasi tulisimama pale tukiwa na mabuibui yetu, kila mpita njia akijua ni mafuta ya nani. Malipo yote tulilipa sisi.

Magharibi ilipokwisha mama mkwe aliteremka, nasi nyuma yake. Hatukuchukua chakula. Mmoja wetu alitaka tuchukue, mama mkwe akasema chakula ni cha watu waliopatana. Jirani alitukaribisha barazani, si ndani. Mama mkwe alisema, "Dada yangu, maji yale yalikuwa yetu. Ulipanda kutwambia tukakusingizia. Mimi ni mkubwa wa nyumba ile, na kosa ni langu." Na yule mmoja wetu aliyetoa jawabu la maji ya mchele alisema vilevile kwa kinywa chake, kwa kuwa njiani alikuwa ameambiwa kwamba halitasemewa na mtu.

Jirani alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba maji si neno, maji ya nyumba za ghorofa hufoka. "Nililopanda nalo mimi halikuwa maji. Nimepanda ngazi zile kwa magoti haya, na hakuna aliyeniambia, keti."

Hatukuwa na la kumjibu. Mama mkwe alilia, jambo ambalo hatukuwa tumeliona tangu mazishi ya baba mkwe. Jirani hakumkumbatia, wala hakutufukuza. Alituita ndani kuona bafu: sakafu imekwanguliwa, ukuta wa chini umepiga ukungu hadi futi moja, na birika lake la kutawadhia limewekwa juu ya stuli, mbali na sakafu. Mmoja wetu aliomba ruhusa apake chokaa ukuta ule. Akasema, "Tutaona." Tulipokuwa tukivaa viatu aliuliza kama sahani yake ingali kwetu.

Tuliipeleka siku ya pili, na mahamri ndani. Aliipokea mtoto wa mpwa wake.

Tangu siku hiyo pazia halikurudi. Sahani na masufuria hufutwa kwa karatasi kabla ya kuingia sinkini, na mafuta ya karai yakishatumika hupoa yakatiwa katika mtungi wa plastiki wenye kifuniko. Kichujio kimekaa mdomoni mwa sinki, na makombo huenda kwa kuku wa nyumba ya pili. Kila Alhamisi baada ya alfajiri sanduku hufunguliwa, kwa zamu, na mama mkwe naye ana zamu yake hataki ipitwe. Wakati wa Ramadhani tutafungua mara mbili kwa wiki. Harufu ya wiki moja si kitu, ni kama ya sufuria iliyolala. Pembeni tumetundika kijiti cha kupimia, kimekatwa alama katika inchi mbili na nusu.

Ukuta wa bafu ulipakwa chokaa mwezi uliofuata, alituruhusu. Sahani bado iko kwake. Lakini Alhamisi iliyopita, mmoja wetu alipokuwa akiteremsha ndoo, jirani alikuwa barazani na tasbihi yake, akauliza leo zimepatikana ngapi. Akajibiwa inchi moja na nusu, Bi. Akasema wiki iliyotangulia zilikuwa mbili, kumbe alikuwa akihesabu.